Vumbi Ulilosema ni Unga wa Muhogo

Shikamoo, Fundi Sadiki.

Najua hakuna wa kuniitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Niko karakana, hapa Igoma. Ni mchana, wenzangu wamekwenda kula.

Ile boti uliyoiacha imekwisha. Lilibaki tundu moja tu, la bomba la kutolea maji, na wiki nzima hakuna aliyetaka kuligusa. Mwishowe nikalitoboa mimi. Nilibandika tepu ya karatasi juu ya alama, nikakaza kipande cha mbao kwa ndani ili faiba ya ubavu wa boti isichanike drili inapotokeza. Nikaanza kwa kuzungusha kisu cha duara cha drili kinyumenyume, polepole, mpaka kikachora ile rangi nyeupe ya juu bila kuibandua, ndipo nikageuza kikakata. Masanja, fundi wako wa siku nyingi, alishika bomba la mashine ya kufyonza vumbi karibu kabisa na mkono wangu. Nikapitisha msasa ukingoni, nikapaka resini maji yasipenye. Limetoka safi, Fundi. Niligeuka nikuoneshe.

Nilipokuja kwako kutoka Bukoba, mjane sina kazi, mafundi wengine walinicheka. Wewe ulinipa drili. Siku ya tatu ukanipa na ile barakoa nzito yenye vichujio viwili, ndiyo pekee uliyokuwa nayo.

"Vaa, Adela. Mapafu yangu yameshazoea."

Nikakuuliza, na wewe je? Ukacheka, nyusi zako nyeupe kwa vumbi. "Hili kwangu ni kama unga wa muhogo tu."

Nilikusihi tena mara mbili, tatu. Halafu nikaacha. Niliona haya kukusemasema, wewe mkubwa wangu. Sababu yenyewe ndiyo hiyo, na haitoshi.

Baada ya arobaini yako mkeo, Mama Zuhura, alikuja hapa, kutoka kwenu Mirongo, peke yake. Alitazama boti, akazitazama nguo zako za kazi, bado zimening'inia. Kisha akaniuliza, bila hasira:

"Adela, mbona wewe hukohoi?"

Ningeweza kumjibu chochote. Nikamwambia kweli, kwamba barakoa ilikuwa moja na ulinipa mimi. Mama Zuhura akakaa juu ya pipa. Akanitazama usoni kana kwamba anatafuta kitu chake. Alipoinuka alisema tu, "Alikuwa hivyo hivyo na nyumbani." Akaondoka. Hajarudi, na mimi sijaweza kwenda kwenu.

Lakini kuna jambo sikumwambia, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Siku ile ya kwanza hospitali, daktari alipokuuliza unafanya kazi gani, ulisema unauza dagaa. Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Ulinitazama, nikajua unaogopa wakisikia habari za vumbi watakuja kutufungia karakana. Nikanyamaza. Wakakupa dawa ya kikohozi, tukarudi, na kesho yake ukashika grenda. Ikapita miezi. Safari ya pili ulikuwa huwezi kumaliza sentensi, umewekewa hewa puani. Hapo ndipo nikamfuata daktari nje nikamwambia. Aliacha kuandika.

"Mngeniambia mwanzoni," akasema.

Hakusema ungepona. Wala hakusema usingepona. Nimemgeuza kichwani kila upande, hatoi neno lingine.

Nimekukasirikia, Fundi. Nisamehe, lakini nimekukasirikia sana. Ulinifundisha kutunza ukingo wa tundu lisilozidi kiganja, ukasema ufa mdogo wa leo unazamisha watu kesho. Kifua chako ukakiacha hivi hivi.

Sasa hapa hakati mtu faiba bila barakoa, miwani na nguo ya mikono mirefu. Kwa joto hili wananung'unika. Mmoja aliivua barakoa mara mbili siku moja, nikazima umeme, nikamwambia aende nyumbani. Amepata kazi Kigongo, kwenye karakana ambako hawamsumbui. Nimesikia anatusema kwamba tumekuwa waoga. Ni kweli, mimi ni mwoga.

Na Masanja ameanza kukohoa. Anasema ni mafua. Alikaa nawe miaka mingi kuliko mimi, uso wazi kama wewe. Jana nilimwona amejificha nyuma ya boti, ameshika magoti, anasubiri pumzi irudi. Aliponiona akatabasamu.

Jumatatu asubuhi nampeleka hospitali. Amekubali, lakini ameshaniomba tuseme yeye ni dereva.

Lala salama, Fundi wangu. Mungu akupumzishe kifua. Nakuahidi jambo moja tu, maana mengine siyawezi: daktari atakapomuuliza Masanja kazi yake, akidanganya, nitamkatiza mbele ya daktari. Aniite msaliti akitaka.

Adela wako