Mji Ambao Sijautoa

Chang'ombe, Dodoma

Mume wangu Babu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje msimu huu? Na Bibi, mke mwenzangu, bado anakuficha ugoro? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila upepo wa huku umenijaza vumbi tangu kope hadi kisigino. Barua hii vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Mama akusomee, utaona sababu.

Uliponicheka kwamba Kiingereza cha ofisini kinanisumbua, hukujua nusu yake. Mwezi wangu wa kwanza nilipangiwa kusoma taarifa mbele ya wakubwa. Nikiwa mlangoni, bosi wangu, mama mpole kabisa, akaniambia kwa Kiingereza huku anatabasamu: "Vunja mguu!" Babu, niliitazama miguu yangu yote miwili. Nimemkosea nini mama wa watu hata aniombee ulemavu? Nilisoma ile taarifa kama mtu anayeaga dunia. Jioni nikamsimulia Salimu, mpangaji mwenzangu, Mrangi wa Kondoa anayefundisha Kiingereza sekondari moja kule Miyuji. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada Zuhura, alikuwa anakutakia heri!"

Nikamwambia basi hayo maneno yao ni vitendawili tu, na vitendawili mimi nimelelewa navyo. Tangu hapo kila Jumapili alasiri wapangaji wote tunakaa uani, mama mwenye nyumba anachambua mlenda, na Salimu anatutegea misemo ya Waingereza kwa Kiswahili. Ukishindwa maana, unatoa mji, vilevile ulivyotufundisha.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Amepiga ndoo teke."

"Huyo hana adabu, kamwaga maji ya watu!" akadakia mama mwenye nyumba. Kumbe maana yake kafa! Hapo tukatoa Tanga. Siku nyingine akatega, "Inanyesha paka na mbwa." Ni mvua kubwa, Babu. Mama mwenye nyumba akatazama juu, akasema Dodoma mwaka huu hata kapaka kamoja hakajaanguka. Anayekaa juu ya uzio ni yule asiyetaka kuchagua upande. Nguruwe wakiruka angani, ndiyo kusema jambo halitatokea kamwe. Na jibu la "kumwaga maharage" nililipata papo hapo: kutoa siri! Wao wanamwaga maharage, sisi tunakatazwa kumwaga mtama penye kuku wengi. Nilijipigia vigelegele mwenyewe.

Kila akipewa mji, Salimu anasimulia alivyofika na alivyokaribishwa. Nilipompa Mwanza alikula sato watatu peke yake, mwongo yule! Nimeshatoa Mbeya, Kigoma, hadi Dodoma yenyewe. Tunduru sijaitoa. Nakumbuka ulivyoniambia nikiwa mdogo: mji wa kwenu usiutoe hovyo, maana uliyempa lazima akaribishwe.

Sasa sikiliza. Juzijuzi nilimtega mimi, kwa msemo niliouokota ofisini: "Mpira uko uwanjani kwako." Maana yake ni zamu yako kuamua. Mwalimu mzima wa Kiingereza akajikuna kichwa, eti kashindwa! Nikamwambia anipe mji. Akanipa Kondoa, kwao, akataja na mlima, na shamba la alizeti, na mama yake aliyesimama mlangoni akinisubiri. Uani hakuna aliyecheka. Usingizi wa siku hiyo sikuupata.

Jumapili iliyopita ikawa zamu yake. Akatega, "Wamefunga fundo."

Wallahi jibu nilikuwa nalijua. Wameoana! Lakini wapangaji wote walikuwa wananitazama, mama mwenye nyumba kaacha mlenda wake. Nikasema nimeshindwa.

"Nipe mji," akasema, na safari hii hakuwa na mzaha.

Nikamjibu, "Mji uliobaki una mwenyewe. Subiri nimuulize."

Babu, nampenda. Basi, nimeshasema. Ni mtu wa swala tano, mcheshi, ana heshima, na uongo wake ni ule wa sato tu. Mama mwenye nyumba amenidokeza kwamba wazee wake wako tayari kuleta barua ya posa, wanangoja neno langu. Ninayemwogopa ni Baba. Alishaapa kwamba mkwe wake atatoka jirani, asije mtu akampeleka binti yake mbali. Akikataa sitamvunjia heshima, lakini nitaumia sana, na ule uani nitauhama. Wewe ndiye pekee ambaye Baba anamsikiliza.

Msalimie Mama, na usimwambie bado. Bibi mwambie yote, najua hata nikikukataza utamwambia. Msalimie shangazi aliyenifundisha kupika, mwambie mlenda sasa naujua. Baba mwanzie habari za mikorosho, akishakunywa chai ndipo umguse taratibu.

Salimu hajauliza tena. Tukikutana kisimani anasalimia tu, anainamisha kichwa, anachota maji. Mwenye mji ni wewe, Babu. Nimpe Tunduru?

Mkeo anayekuomba talaka kwa adabu zote,

Zuhura