Chini ya Kikonyo

Chome, Jumapili, katikati ya Mei

Nakundwa mke wangu,

Nianze na lile ambalo usingependa kulisikia. Nimempeleka mtoto wetu Eliza kule chini Bendera, kwa mama yako. Jana nimerudi peke yangu. Nyumba iko kimya na sijui nikae wapi ndani yake, kwa hiyo nimekaa hapa mezani, pale ulipokuwa unaweka cherehani yako, nikuandikie.

Ujue kwanza kwamba sikukataa kumlea. Siku tuliyokuzika, mama yako alitaka aondoke naye palepale. Nikamwomba aniachie. Akaniangalia sana, akasema, "Baba Eliza, mwanamume na kichanga, na hii mvua ya kwenu?" Nikamwambia umeniachia nepi za kitambaa, na kuzifunga umenifundisha. Akasema, "Haya. Ila nikisikia mtoto ana shida nakuja kumchukua, na usinijibu kitu." Nikaitikia. Nepi zako ndizo zilizokuwa mapatano yetu. Zikifaa, mtoto anabaki kwangu.

Unakumbuka tulivyozijaribu? Ilikuwa Januari, jua kali, wewe tumbo limeshakuwa kubwa mpaka unaifikia cherehani kwa mbali. Ulikata lile shuka letu la zamani lililolainika, katikati ukaweka taulo mikunjo miwili ili zinyonye vizuri, pembeni ukapitisha uzi wa njano uliobaki kwenye sare za kwaya. Nikakuuliza tutajuaje kama zinakaa, na mtoto bado yuko ndani. Ukaniambia nilete boga.

Nililileta nikidhani unatania. Ukalilaza kitandani, ukaniita, "Njoo ujifunze, baba mtu." Nilipofunga, nepi ikapanda juu mpaka kwenye kikonyo cha boga. Ukanipiga mkono. "Chini ya kikonyo! Mtoto akizaliwa kitovu kibichi, ukikifunika kitaoza. Chini ya kikonyo." Nikafunga tena, nikafungua, nikafunga. Boga likabingirika likaanguka chini ya kitanda, na wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta. Ukasema, "Umeshamwangusha mwanangu hata hajafika." Kisha ukazifua zote ukazianika, na hata mchana haujafika zilikuwa kavu, zimekauka mpaka zinasimama zenyewe. Tukasema basi, kazi imekwisha.

Hatukufikiri. Boga halikojoi, Nakundwa. Na Januari siyo Aprili.

Ulipojifungua uliniita Baba Eliza, na mimi nikakuita Mama Eliza. Jina hilo nilikuita mara chache sana. Ile damu ilipokataa kusimama nilikuwa nje kwenye benchi nimepakata mfuko wenye nepi zako, kwa sababu uliniambia nisiuweke chini. Mfuko huo huo ndio nilirudi nao nyumbani.

Boga lilipikwa msibani. Akina mama waliingia stoo kutafuta cha kuwapa watu wakalikuta, wangejuaje? Mama Neema jirani yetu aliniletea kwenye sahani akasema, "Kula baba, hujala tangu jana." Nikala. Sikumwambia mtu.

Mwanzoni niliweza. Kila nilipomfunga Eliza nilikuwa nasema kwa sauti, "Chini ya kikonyo," na yeye ananitazama kama ananijua. Kitovu chake kilidondoka kikavu na safi. Mama Neema alikiangalia akasema hata yeye hajafunga mtoto vizuri hivyo. Nilitamani ungesikia. Kufua nilifulia kwenye beseni, siyo mferejini, maji machafu nikimwaga kwenye migomba kama ulivyotaka. Akina mama waliokuwa wanapita kwenda shambani walisimama njiani kunitania. "Baba Eliza, leo unapokea mgeni gani wa serikali? Bendera zimejaa mpaka barabarani!" Nikawajibu, "Mgeni mwenyewe amelala, msimpigie kelele." Wakacheka, na mmoja akaja akanishikia beseni. Siku hizo nilidhani tutafika.

Halafu ukungu ukashuka kutoka mlima Shengena ukakaa. Unaujua ule, ambao hata mgomba wa jirani huuoni. Kamba nzima ya nepi ikawa inadondosha maji, jana na leo na kesho yake. Shuka lilikuwa linajaribu kukauka, lakini lile taulo la ndani, ile mikunjo miwili uliyoiweka kwa upendo, halikauki. Nikazipiga pasi ya mkaa. Nje zinakuwa moto na kavu, ukikandamiza kidole katikati unakuta unyevu. Nikamfunga hivyo hivyo, ningefanyaje.

Utauliza kwa nini sikununua zile za dukani za kutupa. Nilinunua. Zilipoisha barabara ilikuwa imeharibika na gari la mzigo limekwama huko chini, duka likawa halina hata sukari. Lakini nikuambie ukweli, hata zilipokuwepo, nilikuwa nakimbilia zako. Kile kitambaa tumekilalia mimi na wewe. Nilitaka awe nacho.

Basi nikafanya kama watu wa huku wanavyofanya na kila kisichokauka. Nikazipanga kwenye kichanja juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Zikakauka! Nilifurahi kama mtoto. Zikawa na rangi ya chai na harufu ya moshi, na Eliza mwenyewe akawa ananuka moshi kichwani mpaka miguuni, lakini zilikuwa kavu. Moto nikawa siuzimi. Yeye nikamlaza hapo hapo jikoni apate joto.

Akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, kama mtu anayesafisha koo aseme kitu. Mapajani akatoka vipele, ngozi ikachubuka, nikimgusa analia bila sauti. Nikampeleka zahanati. Muuguzi alimnusa kwanza kabla hajampima. Akaniuliza kwa upole, "Baba, huyu unamkausha au unamlea?" Hakuwa na nia mbaya. Alinipa dawa, akasema atolewe kwenye moshi na avikwe kikavu. Nikasimama pale mlangoni nikiangalia ukungu. Bila moshi hakuna kikavu. Nilijua pale pale kwamba imekwisha.

Sikumwita mama yako. Alisikia mwenyewe, akapanda na huo utelezi, sehemu nyingine kwa miguu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku ameshamchukua mtoto mikononi. Akamfungua, akaona yale mapaja. Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze. Alisema tu, "Ananuka kama samaki wa kubanika, mjukuu wangu huyu," akageukia ukutani akafuta macho na ncha ya kanga. Kisha akaniambia, "Fungasha nguo zake, baba." Na mimi sikujibu kitu, kama nilivyoahidi.

Kule Bendera jua lilikuwa linawaka kana kwamba mvua haijawahi kuumbwa. Mama yako alizifua nepi zote upya, akazianika kwenye ua. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli nakunywa chai. Hata mchana haujafika akanitupia moja mapajani. "Shika uone." Ilikuwa kavu mpaka ndani kabisa, na uzi wa njano umerudi kuwa wa njano. Alitaka nifurahi. Nililichukia lile jua, Nakundwa. Kitu kilichonishinda wiki zote zile, lenyewe limekifanya bila hata kujua.

Akamlaza Eliza mkekani amfunge. Aliipandisha nepi juu, ikafunika tumbo. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Chini ya kikonyo, mama."

"Kikonyo? Mtoto ni boga?"

Nikashindwa kucheka na nikashindwa kulia. Nikasema, "Ndiyo, mama." Aliniangalia kidogo, akanipigapiga begani. "Kitovu kimeshadondoka zamani, baba. Sasa hata ukipandisha haina shida."

Ndicho kitu pekee ulichonifundisha kuhusu mtoto wetu, na hakihitajiki tena.

Alilala vizuri, bila kukohoa. Nilimwacha amelala. Mama yako anasema mvua ikiisha tutazungumza, lakini nilimwona alivyokuwa anapanga nguo zake kabatini, na mtu hapangi hivyo nguo za mgeni. Na baada ya masika kuna baridi ya Juni na ukungu wake. Sioni siku ambayo huku juu patakuwa Bendera.

Nyuma ya nyumba kuna nepi moja imebaki kwenye kamba. Tuliisahau wakati wa kufunga mizigo. Nimeigusa leo asubuhi nilipotoka kanisani, bado mbichi. Nilitaka kuitoa niiweke kwenye kichanja, nikakumbuka hakuna anayeisubiri. Nimeiacha pale pale. Wapitao njiani wameiona na leo hakuna aliyenitania.

Sasa nikuache upumzike, Mama Eliza. Nitashuka kumwona kila barabara itakaponiruhusu, na akianza kuelewa maneno nitamwonyesha ule uzi wa njano nimwambie mkono ulioupitisha ulikuwa wa nani. Hilo naliahidi, ingawa sijui litamsaidia nini. Yeye atakuwa amezoea mikono mingine.

Huko uliko, ukimkumbuka yeye, nikumbuke na mimi.

Baba Eliza