Mbegu za Nyasi za Chuoni

Marekani, Novemba 1975

Dada Kalista,

Salamu kwenu nyote hapo Ubaruku. Mimi mzima, ila goti limechubuka tena. Ukianguka kwenye uwanja wetu mpya wa mpira unachunika ngozi. Ule wa zamani ulikuwa na tope, lakini ulikupokea.

Unasema malisho yamekauka na Baba amekataa kuhamisha ng'ombe. Ametenga ngitili, malisho ya kiangazi, ameizungushia miiba, anangoja nimtumie mbegu za zile nyasi za uwanja huu wa chuo nilizomsifia, zisizokauka mwaka mzima.

Dada, nyasi zile ni za plastiki. Nilidhani nilisema.

Mwambie ahame wiki hii, kabla ng'ombe hawajaisha. Lakini plastiki usiitaje. Mwambie tu kwamba huku nako zimekauka.

Mdogo wako,
Mihayo