Sentensi Niliyoiongeza katika Barua ya Wamama

Nchelenge, Alhamisi jioni, 1974

Kwako, daftari langu, salamu na heshima. Kusudi langu ni kukiri kosa, ingawa ninapoandika nacheka peke yangu.

Leo redio ya ng'ambo ya ziwa imesoma barua ya chama cha wamama wauza samaki. Mimi ndimi mwanamume pekee chamani, kwa kazi ya kuwaandikia. Tulisikiliza sokoni, wamama wakipasua samaki. Maneno yao yote yalisomwa vizuri. Kisha ikafuata sentensi ambayo hakuna aliyeniagiza: kwamba katika mikutano ya soko wanaume wenye busara watangulie kusema.

Visu vilisimama.

"Ba Kasongo," akaniita Mama Chola, mwenyekiti wetu, kwa heshima ya huku, "ile maneno ya mwisho, nani alikutuma?"

"Hapana mutu, Mama Presidenti."

"Kumbe! Na wewe ni mwanamuke wa ngapi hapa?"

Walicheka hata mmoja akaangusha samaki wake mchangani. Nami nilicheka, lakini moyoni... Niliogopa kufukuzwa. Nilipovuka ziwa nikiwa mgeni, ni wao walionipa kiti kabla ya mwanamume yeyote.

Hawakunifukuza. Mama Chola ameniamuru niombe upya uanachama, kwa mustari mumoja tu, bila mapambo. Ni adhabu kali kwa mtu wa kalamu kama mimi! Nimeharibu karatasi nne. Hii ya tano nitaipeleka kesho asubuhi:

Wamama, nitaandika maneno yenu tu. Naomba mukate shauri, nibaki ao nitoke?