Unywele wa Shemeji

Nimemfungisha shemeji bure, ndugu yangu. Majibu ya maabara yamesomwa leo mahakamani: ule unywele uliookotwa kwenye duka lililovunjwa si wake.

Si wake!

Na mimi ndiye niliyesema ni wake. Mpelelezi alikuja nao saluni kwangu, wateja wamejaa. "Fundi, unamjua mwenye huu?" Nikajitia bingwa: "Huo wa shemeji, namnyoa miaka kumi." Kwa macho tu!

Leo kaachiwa. Nikamwomba radhi pale pale mlangoni. Akasema, "Miaka kumi unanishika kichwa, ukaamini mimi mwizi?"

Kakaa mahabusu miezi minane. Kazi ya udereva imekwenda. Mama yake alizikwa yeye akiwa ndani. Dada yangu hanisemeshi.