Kijani Chini ya Nyekundu

Jumatatu, 1 Machi 1954

Nimerudi kutoka karakana saa kumi. Mikono inanuka rangi ya malori ya mgodi. Nimenawa, nimekula, nimefungua sanduku. Vigari vya kuchezea kumi na tisa. Vyote nimevipitishia kioo cha kukuzia. Basi la bluu: rangi imechanika kwenye madigadi. Zimamoto: nikeli ya ngazi imeanza kutoka malengelenge. Teksi nyeusi: nzima.

Hivi vya kabla ya vita vina ugonjwa. Chuma chake cha kumimina kilichanganywa vibaya huko Ulaya. Kinapasuka chenyewe, kutoka ndani, hata ukikilaza kwenye pamba. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, andaa matanga.

Lori jekundu ndilo nilipendalo. Nililikuta dukani kwa mzee Jivan, analiweka juu ya karatasi zisipeperuke. Lilikuwa limechubuka lote. Nilitoa rangi yake yote ya kiwandani, nikapiga kijani chini na nyekundu juu, kama tunavyopiga malori ya kweli. Hakuna mwingine Geita nzima mwenye lori kama lile.

Kulwa kapita, kanicheka. Mtu mzima na vigari! Lakini akakaa saa nzima akichungulia kioo. Sikumkasirikia. Tumetoka wote kijiji cha Didia, tumekuja mgodini siku moja.

Jumatano, 3 Machi

Lori jekundu halimo.

Nimemwaga sanduku lote kitandani. Nimehesabu mara tatu. Kumi na nane. Nimemuuliza mke wangu, Mama Nyanzala. Anasema hajui. Nimepiga teke mtungi wa maji, mtungi aliopewa na mama yake. Vipande mpaka uani. Akaokota kimoja kimoja.

Ijumaa, 5 Machi

Fundi wa breki pale karakana kaniuliza kwa nini nimenuna. Nimempiga ngumi. Damu puani. Msimamizi kanionya mbele ya watu.

Hasira hasara. Marehemu baba alipenda kulisema hilo, fimbo ikiwa mkononi.

Ni nani aliyeingia kwangu? Nikimpata nitamvunja.

Jumamosi, 6 Machi

Nimempata.

Kazi ilikuwa nusu siku. Nimekaa kibarazani peke yangu, Mama Nyanzala kaenda mnadani. Namwona Kulwa anakuja na njia ya mashamba ya mtama. Mkononi ana lori jekundu. Analigeuzageuza juani. Nyekundu ileile. Umbo lilelile.

Sikuuliza. Nilipiga mwano, yowe la kuitia watu.

Mwano ukilia kwetu, hakuna anayeuliza. Unaacha jembe, unashika fimbo, unakimbia. Asiyetokea anatozwa ng'ombe. Walikuja kutoka mashamba yote, kama arobaini hivi. Kulwa alicheka kwanza. Alidhani natania. Nikampiga mimi wa kwanza, taya la kushoto, kwa nguvu zangu zote. Akasema, "Baba Nyanzala, ni mimi!" Nikasema mwizi.

Hapo basi. Fimbo, marungu, mpini wa jembe. Alijikunja, wakamkunjua. Mtu alimkanyaga usoni kwa kiatu cha mgodini. Nilisikia mfupa. Jicho moja lilijaa damu, halikufunguka tena. Waliacha walipochoka.

Nililiokota lori mavumbini. Nitaandika ukweli, hakuna asomaye hapa. Nilifurahi.

Jumapili, 7 Machi

Nimelisafisha lori kwa petroli. Damu ilikuwa imeganda kwenye rimu. Nikachukua wembe, nikakwangua pole pole chini ya tumbo la gari. Nyekundu ikatoka. Chini yake chuma cheupe kinang'aa.

Hakuna kijani.

Nimekwangua madigadi. Nimekwangua boneti. Mlango. Mgongo wote. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Rangi ya kiwandani, haijaguswa na mtu. Mimi fundi rangi wa miaka kumi na moja nimeshindwa kutofautisha rangi yangu na ya kiwanda, kwa umbali wa hatua ishirini, kwa sababu ya hasira.

Mama Nyanzala alikuwa mlangoni ananitazama. Akaenda kwenye kihenge cha mtama, akachimbua, akarudi na kitambaa. Ndani yake vipande. Kila kipande nyekundu juu, kijani chini. Anasema lilipasuka lenyewe Jumanne, alipokuwa anafuta vumbi sandukuni. Ule ugonjwa. Akaficha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa mikono yako."

Nimevirudisha vipande kwenye kitambaa, nikakifunga.

Jumanne, 9 Machi

Nimekwenda hospitali. Wamemfunga Kulwa taya kwa waya. Jicho la kushoto limekwenda. Hakunitazama kwa lile lililobaki.

Nimepita kwa mkewe, Mama Shija. Hakunikaribisha. Alisema wima, mikono kiunoni. Lori Kulwa alilinunua Ijumaa kwa mzee Jivan. Sanduku jipya la vigari lilikuwa limefika. Alitaka kuanza vyake. "Alikuwa anakuletea wewe ulitazame kwa kioo chako," alisema. "Wewe, shemeji."

Wanawake hawachoti naye maji tena. Wazee wamekata shauri: mwizi hakai. Jumamosi wanachoma nyumba.

Nilisema pole. Hilo tu. Mwoga mimi.

Alhamisi, 11 Machi

Desturi naijua. Apigaye mwano wa uongo hupigwa kama yule aliyempigia. Ndiyo maana watu hawauchezei.

Nikinyamaza, Kulwa ni mwizi mpaka kaburini, na watoto wake ni watoto wa mwizi. Nikisema, ni zamu yangu. Nimelipima hili kama dhahabu, siku mbili. Nimenoa wembe bila sababu. Mama Nyanzala kauchukua, kauficha.

Ningetoroka. Segese nina binamu.

Jumamosi, 13 Machi

Walikuja saa nne asubuhi na vijinga vya moto. Nilikuwa nimeshafika. Nikasimama mbele ya mlango wa Kulwa, nikapiga mwano. Walishangaa. Wote wako pale, mwano wa nini tena?

Nikafungua viganja. Mkono huu lori zima lililokwanguliwa. Mkono huu vipande. Nikaeleza kijani. Nikaeleza nyeupe. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mtu wa nyuma hakusikia, akatupa kijinga juu ya paa. Upande wa jikoni ukashika. Mama Shija na wanawe wakakimbilia maji. Wale waliokuja kuchoma ndio waliozima.

Mzee Masanja, mkubwa wa mwano, alivitazama vipande kimoja kimoja. Hana haraka yule mzee. Kisha akasema, "Umetutia damu mikononi kwa kigari cha kuchezea?"

Nikasema ndiyo, namhala, mzee wangu. 

Walianza na miguu. Nilijikunja, wakanikunjua. Aliyenishika mkono wa kulia juu ya kinu sikumwona. Aliyepiga kwa mchi nilimwona. Fundi wa breki.

Jumapili, 28 Machi

Mkono wa kushoto. Herufi mbaya. Vidole vitatu vya kulia havikunjiki. Karakana wamechukua mwingine. Mbavu zinauma nikicheka, lakini sicheki.

Mama Nyanzala ananilisha. 

Jumapili, 25 Aprili

Kulwa karudi kwake. Paa la jikoni limeezekwa upya, nyasi bado zina rangi ya ubichi. Nimekwenda kwa mkongojo. Watu walinipisha njia, hakuna aliyenisalimu.

Nilimpelekea lori lake. Nimelisugua lote, chuma kitupu, hakuna rangi. Nilimwambia achague rangi, nitajifunza kupiga kwa kushoto. Alilishika juani. Aliligeuza huku akigeuza na kichwa, kwa sababu ya jicho.  Kisha akaliweka chini kati yetu, akainuka, akaingia ndani. Mlango hakuufunga. Nilingoja mpaka kivuli kikanifika, nikaondoka. Lori nimeliacha palepale.

Jioni Mama Nyanzala alikuwa anafuta vumbi sandukuni. Teksi nyeusi imepasuka vipande vitatu. Kaniletea juu ya kiganja wazi. Kaviweka mezani, akarudi mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Nikaweka mikono yote miwili juu ya meza, aione. Nikasema asante kwa kutonificha.

Akasimama palepale.