King'ora cha Jumamosi

Jumamosi jioni, Homa Bay. Jua limewaka mchana kutwa, na sitaki kuonana na mtu.

Nimemfutisha mzee wa watu kazi. Wacha niseme hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka.

Miezi miwili iliyopita nilimfungia Mama Atieno sensa kwenye stoo yake ya mbegu pale Rodi Kopany. Ni kale kadude keupe ka ukutani: kakihisi joto la mtu anayepita, king'ora kinalia. Niliipima asubuhi, nikatembea mbele yake huku na huku, ikanishika kila hatua. Nikajipiga kifua.

Ikaanza kulia Jumamosi. Jumamosi tu, saa kumi jioni. Mama Atieno ni Msabato. Siku hiyo stoo imefungwa, yeye yuko kanisani, na anayebaki na funguo ni mlinzi wake wa miaka mingi, mzee tunayemwita Jaduong' Okumu. Ilipolia mara ya tatu, Mama akaniuliza, "Fundi, hii inaweza kulia bure?"

"Mashine haidanganyi, Mama," nikasema. Mbele ya mzee!

Na mzee alikuwa ameshanivuta kando, akanionyesha dirisha. "Wuoda, mwanangu, hii kitu inalia jua ikifika hapa." Nilicheka, jamani. Nikamwambia aniachie ufundi wangu. Jumatatu akafukuzwa kama mwizi.

Leo imelia tena. Langoni hakuna mtu.

Mama alinipigia akitoka kanisani, tukafungua stoo pamoja. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la magharibi, linaipiga sensa usoni. Nje majani ya mpapai yanayumba na upepo, mara kivuli, mara joto, kama mtu anayepita. Siku zingine saa hiyo watu wananunua na king'ora kimezimwa, ndiyo maana hakikulia. Nikaihamishia ukuta ule ule wenye dirisha, ilipe jua mgongo. Dakika ishirini tu.

"Ilikuwa nini?" Mama akauliza.

"Mijusi," nikasema.

Mijusi! Mtu mzima na ndevu zangu, namsingizia mjusi. Nimerudi nyumbani, naandika haya.

Hii siiweki hapa mtandaoni kabla sijampigia Mama Atieno. Ukiisoma, ujue nimeshamwambia ukweli.

Kesho naenda Asumbi, kwa Jaduong', akishatoka misa. Nimekaa hapa natafuta namna ya kumweleza ilivyokuwa. Lakini nimweleze nini? Yeye ndiye aliyeniambia.